Miguu isiyotulia inapofika mikononi: mwongozo wa hatua kwa hatua

Ugonjwa wa miguu isiyotulia hujitambulisha kwa hamu isiyozuilika ya kusogeza kiungo, hamu inayokuja mtu anapopumzika, hasa jioni na usiku, na inayopungua mara anapoinuka na kutembea. Wagonjwa husema miguu inatekenya kwa ndani, inachemka, inavutwa, au kuna wadudu wanaotambaa mahali ambapo kucha haziwezi kufika. Kwa wengi hali hiyo hubaki miguuni, lakini si wachache ambao baada ya miaka kadhaa huanza kuisikia pia mabegani, kwenye misuli ya mkono wa juu na kushuka hadi kwenye viganja. Si jambo geni: tabibu Mwingereza Thomas Willis, aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1672, alitaja mikono pamoja na miguu, ingawa uchunguzi wa kina ulikuja baadaye sana, kwa daktari Karl-Axel Ekbom wa Sweden, katika miaka ya 1940.

Mwongozo huu umeandikwa kwa mtu ambaye miguu yake imekuwa ikimsumbua na sasa mikono nayo imeanza. Msimamo wake ni kwamba kuingia kwa mikono ni habari inayopaswa kusomwa kabla ya kutafutiwa dawa ya kutuliza. Huenda ugonjwa umekua, huenda madini ya chuma yamepungua zaidi mwilini, huenda dawa fulani unayoimeza ndiyo inayouchochea, au huenda mikono ina tatizo lake lisilohusiana kabisa na miguu. Kila moja ya sababu hizo ina njia yake, na anayeanza na vidonge vya usingizi huwa ameziruka zote.

Hatua ya kwanza: hakikisha mikono inaumwa ugonjwa uleule

Jiulize maswali manne, na uyajibu kwa mkono na kwa mguu kila kimoja peke yake. Je, ninachokisikia kinanilazimisha kusogeza kiungo? Je, kinaanza au kuzidi ninapokaa au kulala? Je, kinapungua ninapokisogeza, angalau kwa muda ninaoendelea kukisogeza? Je, ni kikali zaidi jioni na usiku kuliko asubuhi? Majibu yakiwa ndiyo kwa yote manne, na hakuna ugonjwa mwingine unaoeleza hali hiyo, basi mikono na miguu ni jambo moja.

Mkanganyiko mkubwa zaidi uko kwenye kifundo cha mkono. Mshipa wa fahamu unaopita hapo ukibanwa, kama inavyowatokea washonaji, wasusi, wajawazito na watu wenye kisukari, mgonjwa huamshwa usiku na ganzi, na hukung'uta mkono ili apate nafuu. Ukisikiliza haraka utadhani ni ugonjwa wetu, kwa kuwa kusogeza kunasaidia. Tofauti ni kwamba mshipa uliobanwa hutia ganzi kidole gumba, cha shahada na cha kati, na humwamsha mtu aliyekwisha kulala, ilhali ugonjwa wa kutotulia humzuia asilale, husikika ndani ya misuli ya mkono badala ya kwenye vidole, na mara nyingi hushika pande zote mbili, hata kama upande mmoja unazidi. Maumivu yanayoshuka kutoka shingoni kila unapogeuza kichwa yanaelekeza kwenye uti wa mgongo. Miguu inayowaka moto mchana na usiku bila kujali unatembea au umekaa inaelekeza kwenye mishipa ya fahamu iliyoharibiwa na kisukari, pombe, au baadhi ya dawa, ikiwamo isoniazidi ya kifua kikuu. Msuli unaokaza ukawa mgumu kama fundo ukiushika ni jambo lingine tena.

Mikono kusumbua bila miguu kuwahi kusumbua ni nadra, na anayejikuta hivyo asijipe jina la ugonjwa huu kabla daktari hajatafuta sababu nyingine. Aidha, mkono mmoja unaolegea ghafla, au unaouma pamoja na kifua kubana na jasho la baridi, si wa kusubiri asubuhi. Ni wa kupelekwa hospitali saa hiyohiyo.

Hatua ya pili: weka daftari kwa wiki mbili

Andika saa ambayo dalili zilianza, kiungo kilichotangulia, ulichokuwa unafanya, ulichokunywa tangu mchana, na kila dawa uliyomeza, hata ile ya mafua uliyoinunua dukani bila cheti. Ukali upe namba kutoka 0 hadi 10. Daftari hili lina manufaa kuliko maelezo marefu mbele ya daktari, kwa kuwa ugonjwa huu hauna kipimo cha damu wala picha inayouonyesha. Unatambuliwa kwa masimulizi ya mgonjwa, na mgonjwa aliyekesha huwa hana kumbukumbu nzuri. Saa ya kuanza ndiyo ya kuangaliwa kwa makini zaidi, kwa sababu itakayofafanuliwa katika hatua ya mwisho.

Kama unalala na mwenzako, mwulize unafanya nini baada ya kupitiwa na usingizi. Wengi wa wagonjwa hawa hurusha miguu kila baada ya sekunde kadhaa wakiwa wamelala, na wengine hupiga kwa mikono. Ushahidi wa aliyepigwa teke una nafasi yake katika daftari.

Hatua ya tatu: kagua kila dawa iliyomo nyumbani

Hapa ndipo nafuu ya haraka hupatikana mara nyingi, na bila gharama. Dawa za mzio na mafua zinazoleta usingizi, hususan klofeniramini ambayo wengi huijua kwa jina la Piriton, na promethazini, huuchochea ugonjwa huu. Ukatili wake ni kwamba mtu asiyelala huzinunua kwa makusudi ili alale, kisha huamka saa sita usiku mikono na miguu ikiwa imechachamaa. Kwa mzio, setirizini au loratadini kwa kawaida hazina kishindo hicho. Metoklopramidi, inayouzwa pia kama Plasil kwa kichefuchefu, ina madhara yaleyale. Badala yake daktari anaweza kutumia ondansetroni. Dawa za magonjwa ya akili kama haloperidoli na klopromazini, pamoja na nyingi za sonona, zikiwamo amitriptilini na fluoksetini, zimo katika orodha.

Hizi za mwisho usiziache kwa uamuzi wako. Sonona isiyotibiwa ni hatari kuliko miguu isiyotulia, na watu wenye ugonjwa huu wanaipata zaidi kwa sababu ya kukosa usingizi. Mweleze aliyekuandikia dawa kwamba hali ilianza au ilizidi baada ya dawa hiyo, naye ataamua kama kuna ya kuibadilisha. Ukifikia kuona maisha hayana thamani, sema siku hiyohiyo kwa mtu wa karibu na kwa mhudumu wa afya.

Hatua ya nne: pima akiba ya chuma, usitosheke na wingi wa damu

Ubongo unahitaji madini ya chuma ili kuendesha kemikali iitwayo dopamini, na chuma kikipungua ubongoni jioni huwa ngumu. Kipimo kinachotakiwa ni feritini, ambacho huonyesha akiba ya chuma mwilini. Mtu anaweza kuwa na himoglobini nzuri, akaambiwa damu yake inatosha, ilhali akiba imekwisha. Zahanati nyingi hupima himoglobini tu. Feritini huenda ukalazimika kuifuata hospitali ya rufaa au maabara binafsi, na fedha hiyo ina thamani kuliko chupa nyingi za dawa za kupaka.

Jambo la kushika unapopokea majibu ni hili: maabara huandika kwamba feritini ni ya kawaida kuanzia kiwango cha chini, mara nyingi 15 au 30. Kwa mgonjwa wa miguu isiyotulia kiwango hicho hakitoshi. Wataalamu wa ugonjwa huu hupendekeza kuongeza chuma kwa mtu mzima ambaye feritini yake ni mikrogramu 75 kwa lita au pungufu. Kwa hiyo ukiambiwa "iko sawa", omba namba yenyewe. Pia feritini hupanda mwili unapokuwa na homa, malaria au uvimbe wowote, ikaficha upungufu. Ni vizuri kupima ukiwa mzima, asubuhi, bila kumeza kidonge cha chuma siku iliyotangulia, na pamoja na kipimo kinachoonyesha ni sehemu gani ya wabeba chuma katika damu iliyojazwa. Chini ya asilimia 20 ni dalili ya upungufu, na zaidi ya asilimia 45 ni onyo kwamba chuma hakifai kuongezwa.

Akiba ikiwa chini, sababu yake itafutwe. Katika mazingira yetu hedhi nzito, uzazi wa karibukaribu, minyoo ya safura, kichocho na vidonda vya tumbo huongoza. Mwanamume au mwanamke aliyekoma hedhi mwenye upungufu wa chuma anahitaji kuchunguzwa kama anavuja damu tumboni. Mama mjamzito anayetamani kula udongo huenda anaonyesha upungufu huohuo, na udongo wenyewe huzuia chuma kisifyonzwe. Takriban mjamzito mmoja kati ya watano hupata miguu isiyotulia, zaidi katika miezi mitatu ya mwisho, na kwa wengi hali huisha wiki chache baada ya kujifungua.

Hatua ya tano: ongeza chuma kwa utaratibu

Kidonge cha ferasi salfeti cha miligramu 200 kina takriban miligramu 65 za chuma halisi, na vidonge vya kliniki ya wajawazito, vilivyochanganywa na foliki asidi, kwa kawaida vina miligramu 60. Daktari akikuandikia, meza tumbo likiwa tupu pamoja na kitu chenye vitamini C, kama chungwa, pera au maji ya ubuyu yasiyo na sukari nyingi. Chai ndiyo adui: ya rangi au ya maziwa, inywewe angalau saa moja au mbili mbali na kidonge, na vivyo hivyo maziwa na kahawa. Dawa za tezi ya shingo na baadhi ya viuavijasumu pia zitenganishwe kwa saa kadhaa. Tumbo likisumbuka, mweleze daktari. Wengi huvumilia vizuri wakimeza siku moja na kuruka moja, na utumbo hufyonza vizuri zaidi hivyo. Choo kuwa cheusi si jambo la kuogopesha. Vidonge vikae mbali na watoto, kwa kuwa vichache tu huweza kumuua mtoto mdogo.

Nafuu haiji kwa siku mbili. Pima tena baada ya miezi mitatu hivi. Ikiwa feritini haipandi, au utumbo haupokei, chuma cha kuingizwa kwa mshipa ni tiba inayokubalika na hupatikana katika hospitali kubwa. Chakula hulinda akiba zaidi ya kuijaza: maini, nyama nyekundu na dagaa hutoa chuma kinachofyonzwa kwa urahisi, wakati cha mchicha, kisamvu na maharage huhitaji kusaidiwa na ndimu au tunda chachu mezani. Mwenye selimundu au aliyeongezewa damu mara nyingi asimeze chuma kabla ya kupimwa, maana mwili hauna njia ya kutoa kilichozidi, nacho huharibu ini na moyo.

Hatua ya sita: panga jioni upya

Kahawa chungu ya barazani ina raha yake, lakini kwa mgonjwa huyu ihamie asubuhi, pamoja na chai nzito, soda za kola na vinywaji vya kuongeza nguvu. Pombe humlaza mtu haraka na kumwamsha katikati ya usiku na dalili zaidi. Sigara nayo ipunguzwe, na ikiwezekana iachwe. Mazoezi ya wastani ya kila siku husaidia, ila yasiwe makali karibu na kulala.

Kabla ya kupanda kitandani nyoosha mashavu ya miguu, mapaja, mabega na vigasha, kisha oga maji ya moto au uweke miguu na mikono ndani ya beseni. Wapo wanaopata nafuu kwa maji baridi, na hakuna njia ya kujua ila kujaribu. Kuchuliwa husaidia, na kinachosaidia ni mkono unaochua wala si aina ya mafuta. Chandarua ni tatizo ambalo vitabu vya Ulaya havilitaji: mtu anayeinuka mara nne usiku hukichomoa kila mara, na mikono inayorushwa hukichana. Kikubwa chenye kufungwa juu, kinachoanguka hadi sakafuni, hufaa kuliko kile cha kuchomeka chini ya godoro. Kama nafasi ipo, kulala vitanda viwili katika chumba kimoja si ugomvi wa ndoa, na wenza wapatane hivyo mchana, si saa nane za usiku wakiwa wamekasirika wote.

Dalili hufuata saa ya mwili: hupanda jioni, hufikia kilele karibu na usiku wa manane, na hutulia kuelekea alfajiri. Ndiyo maana usingizi bora wa mgonjwa huyu mara nyingi ni wa karibu na mapambazuko. Mwenye kazi inayoruhusu kuchelewa kidogo asubuhi autumie uhuru huo bila aibu, na jamaa za nyumbani waelezwe kwamba si uvivu. Waelezwe pia kwamba si jini wala mkono wa mtu. Ugonjwa huu hurithiwa katika koo nyingi, na pengine bibi aliyekuwa akitembea uani usiku alikuwa nao.

Hatua ya saba: ipe mikono kazi

Miguu hutulizwa kwa kutembea, lakini mtu hawezi kutembea kwa mikono, na hapo ndipo wagonjwa wa aina hii huachwa bila ushauri. Kanuni ni kwamba mkono upewe kazi ndogo ya kurudiarudia inayoshughulisha pia akili, kwa kuwa akili iliyozama katika jambo hupunguza dalili kuliko kukaa mbele ya televisheni. Bao linafaa sana: vidole vinachota na kumwaga kete, na hesabu haimpi mchezaji nafasi ya kusikiliza mikono yake. Kusuka ukili, kufuma, kuchambua mchele, kukanda unga wa chapati za kesho, kuandika kwa kalamu, au kufinya mpira laini ni kazi za aina hiyo. Simu iliyoshikwa juu ya uso ukiwa umelala chali hufanya kinyume, kwani mkono husimama tuli na mwanga hufukuza usingizi.

Wakati mikono inapoamka kitandani usipigane nayo ukiwa umelala. Inuka, sukuma ukuta kwa viganja, zungusha mabega, kamua kitambaa cha maji ya moto na kuvifunga nacho vigasha, kisha rudi. Usilalie mkono, na mto mdogo uukumbatie ili bega lisivutwe mbele.

Hatua ya nane: dawa za hospitali na mtego wake

Ikiwa hayo yote hayatoshi na dalili zinakunyima usingizi usiku mwingi wa wiki, muone daktari, ikiwezekana bingwa wa mishipa ya fahamu katika hospitali ya rufaa. Leo gabapentini na pregabalini ndizo huanzwa nazo kwa wengi, zikimezwa saa moja au mbili kabla ya kulala. Huweza kuleta kizunguzungu, usingizi wa mchana na kuongeza uzito. Mwenye figo dhaifu hupewa dozi ndogo, na dereva asishike usukani kabla ya kujua zinavyomfanya.

Kwa miaka mingi dawa zilizopewa kipaumbele zilikuwa za jamii ya dopamini: levodopa, pramipeksoli na ropiniroli. Nazo hufanya kazi vizuri ajabu miezi ya mwanzo. Kisha kwa wengi huja hali ya kugeuka: dalili zilizokuwa zikianza saa nne usiku huanza saa kumi jioni, huja haraka zaidi mtu anapokaa, huwa kali zaidi, na hupanda kutoka miguuni hadi mikononi. Daktari akiongeza dozi, nafuu huja kwa muda mfupi na baada yake hali huwa mbaya kuliko mwanzo. Kwa hiyo mtu anayetumia mojawapo ya dawa hizi na ambaye mikono yake imeanza kusumbua asiombe dozi kubwa; apeleke daftari lake, aonyeshe jinsi saa ya kuanza ilivyosogea, na aulize waziwazi kama dawa ndiyo chanzo. Miongozo ya Marekani iliyotolewa mwaka 2025 inashauri zisitumike kama tiba ya kawaida. Hata hivyo zisikatwe ghafla, maana usiku unaofuata hauvumiliki. Hupunguzwa polepole chini ya usimamizi. Familia nayo iangalie kama mgonjwa ameanza kucheza kamari au kununua vitu bila kiasi, kwani dawa hizi huweza kuamsha tabia hizo. Tramadoli ya vichochoroni isiguswe: hutia uraibu, na yenyewe imewahi kusababisha kugeuka kuleku­le.

Panapolazimu kutulia

Safari ndefu ifanywe asubuhi, katika kiti cha upande wa njia, na kila basi linaposimama shuka utembee hata kama huna haja ya kula. Msikitini, kanisani au msibani kaa mahali unapoweza kuinuka bila kuwapita watu.

Hospitalini mgonjwa anatakiwa kusema mapema. Kabla ya upasuaji mweleze mtoa dawa ya usingizi kwamba una ugonjwa huu na kwamba metoklopramidi na promethazini hazikufai. Anayesafishwa damu kwa sababu ya figo yuko katika hali ngumu kuliko wote, kwa kuwa ugonjwa huu ni wa kawaida miongoni mwao na mkono wenye sindano hautakiwi kusogea kwa takriban saa nne. Aombe zamu ya asubuhi, aombe feritini yake ijadiliwe pamoja na dawa, aje na kitu cha kufinya kwa mkono ulio huru, na amwombe muuguzi amsaidie kukunja na kunyoosha miguu, na kumchua bega la mkono uliofungwa, kabla hamu haijapanda kiasi cha kumfanya auvute.